Nyimbo rasmi za majimbo ya Marekani kwa mapigo ya leo: kipi kiguswe, kipi kiachwe

Swali: Sisi ni bendi ya watu wanne hapa Des Moines, Iowa: gitaa, besi, dramu na kinanda, na wote tunaimba. Hatuna lebo. Tunataka kutoa EP ya nyimbo sita rasmi za majimbo, yaani Iowa, Kentucky, Ohio, Texas, Georgia na Louisiana, kwa mapigo ya kisasa, na mbili kati yake tuziimbe kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja anasema hizi ni nyimbo za serikali, tena za kale, kwa hiyo hazina mwenyewe. Ni kweli? Na tufanyeje zisisikike kama gwaride la shule?

Jibu: Nusu ya maneno ya mwenzenu ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayoweza kuwaletea barua ya wakili. Bunge la jimbo likiupitisha wimbo halinunui hakimiliki yake. Linautangaza kuwa alama, kama linavyotangaza ua au ndege wa jimbo, na mwenye wimbo anabaki yuleyule aliyekuwa nao jana yake. Louisiana waliupitisha "You Are My Sunshine" mwaka 1977. Wimbo huo ulisajiliwa mwaka 1940 kwa majina ya Jimmie Davis, ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo hilo kwa vipindi viwili, na Charles Mitchell, na nchini Marekani hautaingia katika mali ya umma mpaka 1 Januari 2036. Wimbo wa Iowa kweli hauna mwenyewe, lakini urasmi wake hauhusiki: maneno yake yaliandikwa katika karne ya 19, basi.

Kwa hiyo mwaka wa kupitishwa usiwashughulishe. Hesabuni mwaka wa kuchapishwa, na mjue kwamba wimbo mmoja hubeba miaka kadhaa. Tuni ina wake, maneno yana wake, mpangilio wa kwaya au wa bendi una wake, na rekodi mliyoisikia mkaipenda ina wake. Nchini Marekani, tuni na maneno yaliyochapishwa kabla ya 1931 ni mali ya umma kuanzia 1 Januari 2026, na kila ifikapo Januari mosi mwaka mmoja zaidi unafunguka. Rekodi za zamani zina hesabu yao ya peke yake, nayo ni ndefu zaidi.

Sasa angalieni jinsi tarehe inavyoamua muziki. Wimbo ambao ni mali ya umma mnaweza kuukata beti, kuupinda tuni, kuutafsiri, hata kuuongezea ubeti wenu. Wimbo wenye mwenyewe, sheria ya hakimiliki ya Marekani, kifungu cha 115, inawaruhusu kuurekodi bila kumwomba, mradi ulishawahi kutolewa kwa umma nchini humo kwa idhini yake na ninyi mnalipa kiwango kilichowekwa. Mnaruhusiwa kuupanga ufuate mtindo wenu. Hamruhusiwi kubadili tuni ya msingi wala tabia ya wimbo. Na tafsiri ya Kiswahili iko nje kabisa ya ruhusa hiyo. Inahitaji idhini ya maandishi kutoka kwa mchapishaji, ambaye anaweza kukataa au kukaa kimya mwaka mzima. Basi Kiswahili kipeni Iowa na Kentucky, hizo nne nyingine ziimbeni kwa Kiingereza.

Kabla hamjapiga noti hata moja, tafuteni karatasi ya kwanza ya wimbo. Library of Congress wanazo, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wana mkusanyo wa Lester S. Levy, na IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni, ina nyingi. Zote zinaonekana mtandaoni bila malipo. Hifadhini picha ya jalada na ya ukurasa wa kwanza wa noti, ule wenye mstari wa hakimiliki chini yake, maana ndio ushahidi wenu baadaye. Kosa linalowaponza wengi ni kujifunza wimbo kutoka kitabu cha kwaya cha miaka ya 1980 kwa sababu kiko karibu. Tuni mle ndani ni ya zamani, lakini utangulizi, sauti ya alto na ule mpando wa sauti wa mwisho ni mali ya aliyepanga. Mkiuiga mpando huo, mmechukua chake. Toeni kwenye karatasi ya kwanza tuni na maneno tu, kisha jengeni upya kutoka hapo.

Tuanze na wa nyumbani kwenu, kwa kuwa ndio wenye kazi.

Maneno ya "The Song of Iowa" ni ya S. H. M. Byers, askari wa Iowa aliyefungwa katika gereza la Libby, Richmond, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akiwa mle alisikia bendi ya Kusini ikipita ikipiga "Maryland, My Maryland", akajiapiza kwamba siku moja tuni ile ataipa maneno ya upande wake. Iowa waliupitisha mwaka 1911. Maryland nao waliupitisha wa kwao mwaka 1939, wakaufuta mwaka 2021 kwa sababu maneno yake yaliwachochea watu kuasi na kumwita Lincoln dhalimu. Tuni yenyewe si ya huyu wala yule: ni ya Kijerumani, "O Tannenbaum". Msikilizaji wa leo akisikia vipimo viwili tu anaona mti wa Krismasi, taa na zawadi. Hilo ndilo tatizo lenu la kwanza, na halitatuliwi kwa kuongeza gitaa la kelele.

Iandikeni kwa solfa (do, re, mi), kama wanakwaya. Mstari wa kwanza ni so | do do do re | mi mi mi mi | re mi fa ti | re do, kwa mapigo matatu kila kipimo, zile noti za mwisho wa kipimo zikiwa za kuvukia. Kinachoita Krismasi ni mwendo wa kuchechemea wa zile do tatu: ndefu kidogo, fupi, ndefu. Noti zenyewe hazina hatia. Nyoosheni mwendo huo. Kila silabi ipewe pigo moja kamili, kipimo kiwe cha mapigo manne: do do do re | mi mi mi, mi nyingine ivuke, | re mi fa ti | re do na kimya. Kwa kasi ya mapigo 84 kwa dakika, ubeti mzima wa vipimo 16 unachukua sekunde 46 hivi. Beti mbili, kipande cha vyombo vitupu, ubeti wa tatu, na mmefika dakika tatu na kitu. Mpiga dramu wenu akiwa amekulia pwani, njia ya pili ni kuacha mapigo matatu yabaki na kuyaweka juu ya 6/8 ya chakacha. Inakaa vizuri, ila besi iache kupiga pigo la kwanza la kila kipimo, la sivyo inarudi kuwa waltzi, ile densi ya Kizungu ya mapigo matatu.

Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za mamlaka ya mapato) zipunguzwe. Karatasi za zamani hubadili kodi karibu kila silabi kwa sababu zilipangiwa piano ya sebuleni, na ule wingi ndio unaotoa harufu ya ukumbi wa shule. Umbo la wimbo ni A A B A. Kwenye A mbili za mwanzo besi ishike do moja kwa moja, haijalishi tuni inafanya nini juu yake. Kwenye B ndipo iruhusiwe kutembea, na do ikiwa F kodi ni Dm, Gm, C, F, moja kwa kipimo. Sikio linalongoja lipate mwendo wakati huo tu. A ya mwisho irudi kwenye do ileile. Eneo la sauti ni kutoka so ya chini hadi la ya juu, noti tisa, kwa hiyo kwa sauti mchanganyiko do ya D inamfaa karibu kila mtu.

Kiswahili sasa. Nusu mstari ya kwanza ina noti nane, jambo ambalo litamchekesha yeyote aliyewahi kuhesabu mizani: ni ukwapi kamili wa shairi. Lakini ukiweka tu silabi nane juu ya noti nane unapotea. Kiingereza hapo kinaanza na silabi nyepesi na kuishia kwenye nzito, na Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho. Mtaimba "naipeNDA" badala ya "naiPEnda", na hata mtoto atajua kuna kitu kimekwenda kombo. Dawa ni mbili kwa pamoja: tupeni ile so ya kuanzia, kisha gaweni mi ya mwisho iwe mbili. Jaribuni "Nchi gani naipenda": n-chi-ga-ni-na-i-pe-nda. N inaangukia do ya kwanza, na "pe" inaangukia mi yenye uzito, "nda" inamezwa baada yake. Nusu ya pili haitaki marekebisho yoyote, kwa kuwa Kijerumani cha asili kiliishia kwa silabi nyepesi kama chetu. Ina noti saba, mkazo ukiwa kwenye ya pili na ya sita: "Iowa ya mahindi", ikiimbwa a-YO-wa ya ma-HI-ndi. Mnaona inavyoteleza. Fanyeni jaribio hilo kwa kila mstari kabla ya kuingia studio: semeni mstari kwa sauti ya kawaida mkipiga makofi kwenye mapigo mazito, na kofi lisipoangukia mkazo, badilisheni neno, msibadilishe mkazo.

Kentucky ni habari nyingine, na hapa nitakawia.

Stephen Foster alichapisha "My Old Kentucky Home, Good-Night!" mwaka 1853, jimbo likaupitisha mwaka 1928. Kila mwaka, siku ya mbio za farasi za Derby pale Churchill Downs, maelfu ya watu husimama na kuuimba, ubeti wa kwanza na kiitikio, machozi yakiwalenga. Ubeti wa kwanza ni jua, ndege na watoto wanaogaagaa sakafuni. Wengi hawajawahi kusikia wa tatu. Katika huo kichwa kinainama, mgongo unapinda, mzigo hautapungua kamwe, na zimebaki siku chache taabu iishie kwenye mashamba ya miwa. Anayesema ni mtumwa aliyeuzwa Kusini, na ile "good-night" anaiambia nyumba ambayo hataiona tena. Frederick Douglass, mpinga utumwa aliyekuwa mtumwa mwenyewe, aliutaja wimbo huu mwaka 1855 miongoni mwa zile zinazoamsha huruma kwa mtumwa. Wakati huohuo Foster aliwaita watu wale kwa neno la dharau, na bunge la Kentucky lililiondoa neno hilo katika maneno rasmi mwaka 1986, likaweka "people".

Mkirekodi ubeti wa kwanza peke yake kwa gitaa tamu, mtakuwa mmeongeza toleo jingine la wimbo wa mbio za farasi, na yapo ya kutosha. Imbeni beti zote tatu. Wimbo ni mali ya umma, neno la dharau mnaweza kulibadili popote lilipo bila kumwomba mtu. Mpangilio ufuate habari: ubeti wa kwanza sauti moja na kinanda, mapigo 62 hivi kwa dakika, bila dramu. Wa pili besi iingie. Kwenye wa tatu ngoma kubwa ya mguu ianze, pigo moja tu kila kipimo, na sauti za wengine zishike noti ndefu chini. Kiitikio baada ya ubeti wa kwanza kirukeni. Mtu akikisikia kwa mara ya kwanza baada ya wa pili, na tena baada ya wa tatu, maneno yaleyale yatakuwa na uzito mwingine kabisa.

Kwa Kiswahili, msitafsiri "good-night" kuwa "usiku mwema" au "lala salama". Anayeondoka halali, ameuzwa. Neno lake tunalo, tena Kiingereza kingelitamani: buriani. Kiitikio kinaanza na "Weep no more, my lady", silabi sita, nzito kwanza. "Mama usilie" inaingia bila kusukumwa, MA-ma u-si-LI-e. Msitumie "bibi" hapo. Mtu wa Lamu atasikia mwanamke wa heshima au mke, mtu wa Dodoma atasikia mama wa mzazi wake, na wimbo mzima utabadilika ghafla kuwa wa mjukuu.

Ohio ina mtego mzuri kuliko yote, nao umewanasa watu wazima. "Beautiful Ohio" ni waltzi ya 1918. Tuni ni ya Robert A. King, aliyejiita Mary Earl, na maneno ni ya Ballard MacDonald: wapendanao wawili kwenye mtumbwi, usiku, mtoni. Jimbo liliupitisha mwaka 1969. Kisha mwaka 1989 likapitisha maneno mapya ya Wilbert McBride, yanayolisifu jimbo lenyewe. Kwa hiyo tuni haina mwenyewe, maneno ya 1918 hayana mwenyewe, na maneno rasmi ya leo yanaye. Mkinakili maneno kutoka ukurasa wowote unaosema "wimbo rasmi wa Ohio" huku mkiandika 1918 kwenye fomu, mmekosea. Chukueni ya 1918. Ni mazuri zaidi pia: wimbo wa mapenzi hupangika kwa urahisi kuliko sifa za jimbo. Waltzi hii ipunguzeni hadi 80 hivi kwa dakika, dramu ipigwe kwa brashi, na kinanda kiwe na sauti ya ogani.

Texas haina shida ila ya mwendo. "Texas, Our Texas" ya William J. Marsh na Gladys Yoakum Wright ni ya 1924, ikapitishwa 1929. Maneno yalisema Texas ni kubwa kuliko zote mpaka Alaska ilipoingia katika Muungano mwaka 1959, ikabidi "largest" iwe "boldest". Mkiimba neno la zamani, watu wa Alaska watafurahi na wa Texas watawasahihisha. Ni wimbo wa kutembelea kwa miguu, na hatari yake ni sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkali. Mpiga dramu akianza kuviringisha vijiti tu, mko uwanjani na bendera. Wekeni sneya kwenye pigo la tatu peke yake, ili wimbo uonekane unakwenda nusu mwendo ingawa tuni haijapunguzwa.

Georgia uliingia mali ya umma nchini Marekani tarehe 1 Januari 2026, kwa maana "Georgia on My Mind" ya Hoagy Carmichael na Stuart Gorrell ni ya 1930. Jimbo liliupitisha mwaka 1979, na Ray Charles aliuimba mbele ya bunge lake mwaka huohuo. Lakini mlichonacho kichwani nyote wanne si karatasi ya 1930, ni rekodi ya Ray Charles ya 1960, na rekodi hiyo inalindwa Marekani mpaka 15 Februari 2067. Msikate hata sekunde mbili za nyuzi zake. Kuipiga wenyewe ni sawa, ila yale madoido ya sauti na ule utangulizi viacheni, si kwa sheria tu. Mtalinganishwa naye, na hakuna bendi inayotoka salama kwenye mlinganisho huo. Tena, hiyo ni tarehe ya Marekani. Sheria za Kenya na Tanzania huhesabu miaka 50 tangu mtunzi afariki, Ujerumani huhesabu 70, na Carmichael alifariki mwaka 1981. Majukwaa ya muziki huuza kila nchi kwa siku moja, kwa hiyo wimbo huu uacheni na maneno na tuni yake, mbadili mapigo tu. Ukiwa hivyo unapita kama wimbo wowote uliorudiwa.

Nchini Marekani, Louisiana ndio pekee mtakaolipia. Kiwango cha kisheria kwa kila nakala ya CD, santuri au faili ya kupakua kilikuwa senti 12.7 mwaka 2025 kwa wimbo usiozidi dakika 5, na hupandishwa kila mwaka kufuata gharama za maisha. Ukizidi dakika 5 hesabu hugeuka kuwa ya kila dakika, kwa hiyo angalieni ule mwisho wa gitaa usiovuka. Kwa kiwango hicho, santuri 300 ni dola 38.10, pesa ya chakula cha mchana cha bendi. Taarifa ya kusudio mpelekeeni mwenye haki kabla ya kusambaza, na isizidi siku 30 tangu mlipotengeneza nakala. Mkichelewa, leseni ya lazima haipatikani tena kwa nakala hizo, na mnabaki kumwomba mwenyewe kwa bei atakayo. Kwa wanaosikiliza mtandaoni Marekani, tangu 1 Januari 2021 jukwaa lenyewe hulipa sehemu ya mtunzi kupitia Mechanical Licensing Collective. Kwa faili za kupakua, someni masharti ya msambazaji wenu, maana wengine hudai leseni mkononi. Video ni mlango mwingine kabisa. Kuunganisha wimbo wenye hakimiliki na picha kunahitaji leseni ya mchapishaji, na hiyo sheria haimlazimishi kuitoa. Video pigeni ya Iowa au Kentucky.

Sasa sauti. Nyimbo hizi zilitungiwa watu wengi kuimba pamoja, na mkiondoa umati wote zinasinyaa. Mko wanne, rekodini kiitikio mara nne kila mtu na mna watu 16. Kosa la kawaida ni kurekodi mara zote nne mbele ya maiki ileile, umbali uleule. Mwangwi wa chumba na wa kifua cha mtu hujirudia mahali palepale, na miksi inavimba kama mtu mmoja mwenye mafua. Mara mbili za kwanza simameni sentimita 30 kutoka kwenye maiki, mara mbili za mwisho mita moja na nusu, mkibadilishana nafasi. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 120 kwenye zote. Na s: mmoja tu ndiye aitamke, wengine waimeze, kwa sababu s kumi na sita haziangukii pamoja kamwe, zinatoka kama mvua ya mchanga juu ya bati.

Gitaa la kelele lipewe do na so, lisipewe mi. Kikuza sauti kinapochafua noti mbili kwa pamoja huzaa noti nyingine kutokana na tofauti ya masafa yake. Do na so huzaa do ya chini, inayokubaliana na kodi. Do na mi za gitaa la kawaida huzaa noti iliyo pembeni kidogo, ndiyo ule mngurumo unaofanya kodi isikike haijatuniwa. Mi waachieni waimbaji. Rekodini kwa biti 24 na kilohezi 48, vilele vya sauti vikizunguka desibeli −10, msitafute ukubwa hapo. Ukubwa wa mwisho Spotify huushusha wenyewe hadi −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo kuubana wimbo kupita hapo kunawaletea uchovu wa masikio, si kelele zaidi.

Kwenye fomu ya msambazaji andikeni watunzi wa kweli. Kentucky: Stephen Foster. Iowa: tuni ya jadi ya Kijerumani, maneno S. H. M. Byers, tafsiri na mpangilio majina yenu. Mkijiandika ninyi kuwa watunzi, mfumo utaona tuni inafanana na nyimbo elfu za Krismasi na utaizuia, au mbaya zaidi utaipokea na kuanza kuwadai wengine kwa jina lenu. Mkisajili ASCAP au BMI, mashirika yanayowakusanyia watunzi mirabaha, chagueni sehemu ya mpangilio wa kazi ya mali ya umma. Mnachomiliki ni tafsiri, mpangilio na rekodi, na hivyo vinatosha. Video ikidaiwa YouTube, jibu lenu liwe fupi: jina la wimbo, mwaka wa kwanza kuchapishwa, picha ya ule ukurasa wa noti mliohifadhi, na kauli kwamba rekodi mmeipiga wenyewe.

Msitoe sita kwa siku moja. Kentucky ifike kwa msambazaji mwanzoni mwa Aprili, kwa kuwa Derby hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya Mei na watu huanza kuutafuta wimbo wiki mbili kabla. Iowa itoeni Agosti, wakati wa maonyesho ya jimbo pale kwenu Des Moines. Ikichelewa hadi Desemba, hakuna 4/4 wala chakacha itakayouokoa na ule mti.